Nani Alimteua Mkurugenzi wa Mawe?

Mawe ya Lomekwi, magharibi mwa Ziwa Turkana, yana umri wa miaka milioni 3.3. Yaligongwa kwa makusudi ili yatoe kipande chenye makali, na hadi leo ndiyo zana za kale kuliko zote zilizokwisha kutambuliwa duniani. Habari zake zilitangazwa mwaka 2015. Aliyeyagonga hajulikani, na huenda hakuwa binadamu wa jinsi yetu hata kidogo, maana mifupa ya ukoo wetu yenye umri huo haijaonekana. Lakini jambo moja naliweza kulisema bila ya kuchimba: huyo bwana, au bibi, au hayawani, aligonga jiwe lake bila ya cheo. Hakuwa Mkurugenzi wa Mawe. Hakuna aliyemwapisha, wala hakuna aliyemnong'oneza mwenzake kuwa nafasi ile ilikuwa ya mtu wa upande wetu.

Kazi, basi, ni ya kale mno. Cheo kimekuja juzi, na naona ndio uvumbuzi uliofanikiwa kuliko wote, kuushinda moto na gurudumu. Moto huzimika. Gurudumu hukwama mchangani, na kisiwani Lamu watu wamejenga nyumba za ghorofa za mawe, wakaleta biashara kutoka Uarabuni na Bara Hindi, na mzigo wa nchi kavu wakamwachia punda. Cheo hakikwami popote. Ukitaka kuona jinsi kazi na cheo zinavyoachana njia, sijui mahali pazuri kuliko pwani hii, kutoka Malindi kwenda juu hadi Pate.

Baada ya Lomekwi lilikuja shoka la mkono, jiwe lililochongwa pande mbili likachongoka mbele. Kokiselei, huko huko Turkana, yamepatikana ya miaka milioni 1.76. Olorgesailie, upande wa barabara ya Magadi, yametapakaa ardhini kwa wingi wa kustaajabisha, na watu wa pale waliendelea kuyachonga kwa mamia ya maelfu ya miaka kwa umbo lile lile. Wataalamu huuliza kwa nini watu hawa hawakubuni kitu kipya kwa muda wote huo. Mimi huuliza kwa nini hawakuunda idara ya kulisimamia shoka. Jibu nililonalo ni kuwa shoka lenyewe lilimsimamia mchongaji: likiwa butu, nyama haikatiki, na watoto wanalala njaa. Ripoti ya robo mwaka ingeongeza nini?

Mabadiliko yalipokuja pale Olorgesailie, kama miaka 320,000 iliyopita, zana zilikuwa ndogo na laini zaidi, na baadhi zilitengenezwa kwa jiwe jeusi la volkano, lile linalong'aa kama kioo, lililoletwa kutoka mbali. Hapo ndipo ninapoanza kushuku. Bidhaa ikishatoka mbali, lazima apatikane anayejua inatoka wapi na nani wa kumwona ili ipite. Mtu wa namna hiyo hakawii kuitwa kwa jina la heshima. Hii ni dhana yangu, haimo katika utafiti wa mtu, lakini aliyewahi kutoa mzigo bandarini hatanibishia.

Karibu nasi zaidi, katika vilima vya chokaa vya Dzitsoni, Kaunti ya Kilifi, kuna pango la Panga ya Saidi. Mwaka 2021 watafiti walitangaza kaburi lililokutwa humo: mtoto wa umri wa miaka kama mitatu, aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita. Amelazwa kwa ubavu, magoti yamevutwa kifuani, mwili umefungwa katika kitu kilichokwisha kuoza, na namna kichwa kilivyoinama yaonyesha kilikuwa kimeegeshwa juu ya kitu mfano wa mto. Ndilo kaburi la binadamu wa jinsi yetu la kale kuliko yote yanayojulikana barani Afrika. Watafiti walimpa jina la Mtoto, na sidhani angehitaji jina jingine.

Nimekaa sana na habari hii kuliko zote, kwa sababu ya yule aliyechimba. Shimo lilichimbwa, mwili ukatayarishwa, udongo ukarudishwa. Hiyo ni kazi ya mikono mingi, na haina mwenyewe. Hapa kwetu mpaka leo haina mwenyewe. Akifa mtu Langoni au Mkomani, mitaa ya Lamu, majirani ndio wanaochimba, ndio wanaoshika jeneza, na kwa Waislamu ni faradhi ya kifaya: wakiitekeleza baadhi, wengine wote wamesalimika. Mwenye digrii mbili na mchukuzi wa jetini hupokezana jembe moja. Sijaona kaburini mtu akiuliza nani msimamizi. Yawezekana hiyo ndiyo kazi ya mwisho ambayo bado tunaifanya kwa mtindo wa Panga ya Saidi, na naomba asitokee wa kuianzishia bodi.

Gedi, kusini kidogo ya Malindi, ni kichekesho cha aina nyingine. Ulikuwa mji wa Waswahili wenye misikiti, jumba la mfalme, visima na vyoo vya ndani, na kaburi moja lililoandikwa tarehe linatupeleka mwaka 1399. Mwanzoni mwa karne ya 17 wakazi walikuwa wameuhama. James Kirkman alianza kuuchimba mwaka 1948, na kwa kuwa majina ya wenye nyumba hayakujulikana, nyumba zikaitwa kwa vitu vilivyookotwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Taa ya Chuma. Mwaka 2024 mji huo umeingia katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Mtazame yule tajiri. Bila shaka aliitwa kwa majina makubwa alipokuwa hai, watu wakampisha njiani, akaketi mbele msikitini. Leo mgeni kutoka Italia anaonyeshwa kwake na kuambiwa hapa ni kwa mkasi. Mkasi umemzidi cheo.

Lakini ukitaka hesabu kamili ya cheo na kazi, iko Malindi, mwaka 1498.

Vasco da Gama alifika mwezi wa Aprili, akiwa ameshakosana na Mombasa. Mfalme wa Malindi naye hakuwa na mapenzi na Mombasa, kwa hiyo akampokea mgeni vizuri: adui wa adui yangu karibu ndani. Zawadi kubwa aliyompa ilikuwa mtu, rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Waliondoka Aprili 24, na baada ya siku 23 wakaiona nchi kavu ya upande wa pili. Hawakufanya muujiza. Rubani alijua kuwa upepo wa kusi unaanza, na kwamba mwezi wa Aprili mwishoni ndio wakati wa kufungua tanga kuelekea kaskazini mashariki, kabla kusi haijakuwa kali na bahari haijafungwa. Elimu hiyo ilikuwepo pwani hii na ng'ambo yake karne nyingi kabla Ureno haijakuwa na meli ya kuitumia.

Sasa tazama marejeo. Da Gama aliondoka pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba, wakati ambao kaskazi haijashika, na huo si uamuzi ambao nahodha yeyote wa kwetu angeufanya akiwa na akili zake. Safari ile ile ikamchukua karibu miezi mitatu. Mabaharia wakavimba fizi kwa kiseyeye, wakafa wengi, na walipotia nanga tena Malindi, Januari 1499, waliosalia hawakutosha kuendesha meli zote. Moja waliichoma moto baadaye. Siku 23 na rubani, karibu siku 90 bila ya kuujua upepo. Sijui majaribio ya kisayansi yaliyo wazi kuliko haya.

Na malipo? Da Gama alipewa cheo cha Amiri wa Bahari ya Hindi, mwaka 1519 akawa Kabaila wa Vidigueira, na mwaka 1524 akarudi India akiwa Makamu wa Mfalme. Nguzo yake ipo Malindi mpaka leo, watalii wanapigiwa picha mbele yake. Rubani hana hata kibao. Kwa muda mrefu ilisemekana ni Ahmad ibn Majid, bingwa wa elimu ya bahari kutoka Uarabuni, lakini wanahistoria wengi wa siku hizi hawaikubali tena hadithi hiyo. Maandishi ya Kireno yanamtaja Mwislamu wa Gujarat, na jina wanalompa linaanza na Malemo, ambalo ni lile lile mwalimu, kama manahodha walivyomwita mjuzi wa nyota. Yaani jina lake limezama, kilichoelea ni cheo. Hapo hata mimi niliyekuja kukisema cheo vibaya nimenyamaza kidogo.

Miaka 83 kabla ya hapo, Malindi ilikuwa imeshapeleka nje mfanyakazi mwingine aliyepanda cheo haraka zaidi. Mwaka 1415 mji huu ulimpeleka twiga China, kwa mfalme Yongle. Walipomwona mnyama mwenye shingo ile na mabaka yale, watu wa ikulu wakasema huyu ni qilin, mnyama wa ngano zao ambaye hutokea tu pale mfalme mwema anapotawala. Yongle alikuwa amemnyang'anya mpwa wake ufalme mwaka 1402, kwa vita, na mtu wa aina hiyo hakatai ushahidi kutoka mbinguni. Kwa hiyo twiga wa kwetu, aliyekula majani ya migunga nyuma ya Malindi bila ya kumsumbua mtu, alishuka melini akawa cheti cha uhalali wa serikali. Hakufanyiwa usaili. Hakuulizwa uzoefu. Alichotakiwa ni kusimama na kuonekana mrefu, na wapo viongozi wetu ambao kazi yao ukiichunguza haizidi hapo.

Usifikiri namcheka Mchina. Siwa zetu, zile pembe kubwa za sherehe, zilifanya kazi iyo hiyo. Siwa ya Lamu ni ya shaba, ya Pate ni ya pembe za ndovu, na zote ni za kupulizwa kwa ubavu. Bila ya siwa hakuna sherehe ya watu wakubwa. Nchi yote ya mwambao wa juu ilikuwa ikitambua dola kwa mlio. Husimuliwa huko Pate kuwa Mwana Darini, mwanamke wa nyumba ya kifalme, alinyimwa siwa kwa ajili ya sherehe ya mwanawe, kwa sababu ya fitina na sultani. Hakulia wala hakuandika barua ya malalamiko. Alimtafuta fundi, akaagiza siwa nyingine ya pembe, na karamu ikawa. Katika historia yote ya siasa za pwani simjui mpinzani aliyeijibu serikali vizuri kuliko huyu mama. Aliona kuwa mamlaka ni pembe yenye tundu, na matundu yanatobolewa.

Vita navyo vina umri wake. Nataruk, Turkana tena, mabaki ya watu wasiopungua 27 yalikutwa ukingoni mwa ziwa lililokauka, wameuawa kama miaka 10,000 iliyopita: mafuvu yaliyopasuliwa, ncha za mawe ndani ya mifupa, mwanamke mjamzito akiwa miongoni mwao. Hawakuwa na mifugo wala mashamba wala mipaka iliyochorwa. Waliokuwa wakitufundisha kuwa vita vililetwa na mali na dola, ilibidi waketi upya. Ninachokiona ni kwamba kuuana hakukusubiri cheo. Kilichosubiri cheo ni kuelezwa kwamba kuuana kule kulikuwa na sababu nzuri.

Vita vya Shela ndivyo tunavyovijua vyema huku kwetu. Yapata mwaka 1812 Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, na watu wa Pate waliungana kuja kuitia Lamu adabu, wakateremka ufukweni Shela. Watu wa Lamu wakapigana, wavamizi wakarudi mbio kwenye vyombo vyao, na vyombo vikawa vimekaa juu ya mchanga. Maji yalikuwa yamekupwa. Waliouawa pale walikuwa wengi mno, na mifupa iliendelea kuonekana katika mchanga ule kwa miaka mingi. Masimulizi yanawapa sifa waganga na uchawi waliouzika. Mimi nampa sifa mwezi. Jeshi lenye majemadari wa miji miwili, wote watu wa pwani, wote waliozaliwa wakiona maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, lilisahau kuangalia maji. Huo ndio ugonjwa wa cheo: katika jeshi lile hakukosekana baharia aliyejua, ila hakuwa yeye wa kuulizwa.

Lamu ilishinda, na ushindi ukaitia hofu. Vipi Mombasa ikirudi? Wakubwa wakampelekea ujumbe Sayyid Said wa Oman awalinde. Akakubali, akaleta liwali na askari. Ngome iliyokuwa ikijengwa ikamalizika kama mwaka 1821, pale Mkunguni inapoonekana hadi leo. Kabla ya hapo Lamu ilikuwa ikijitawala kwa mashauri ya wazee, na makundi mawili, Zena na Suudi, yakipokezana uongozi kwa zamu, kazi iliyokuwa na fitina zake lakini ya nyumbani. Wakashinda vita, wakapoteza serikali. Kuanzia mwaka 1910 Waingereza waliigeuza ngome kuwa jela, ikabaki jela hadi 1984. Jengo lililojengwa ili adui asiingie, lilitumika miaka 74 kuzuia mwenyeji asitoke. Sasa ni makumbusho na maktaba, na sidhani limewahi kuwa na kazi nzuri zaidi.

Baada ya liwali vyeo vilitujia kwa jahazi. Witu, bara tu hapo, ilipata sultani wake, Ahmed bin Fumo Luti aliyeitwa Simba, mtoro wa Pate. Mwaka 1885 akina Denhardt, ndugu wawili wa Kijerumani, walipata ardhi kwake, na Berlin ikatangaza ulinzi. Lamu ikawa na posta ya Wajerumani. Mwaka 1890 Ujerumani ikaiachia Uingereza eneo hilo katika mkataba ule ule ulioipa Ujerumani kisiwa cha Heligoland, kilichoko Bahari ya Kaskazini, na kabla mwaka haujaisha manowari za Kiingereza zikaleta askari wakauchoma mji wa Witu. Miaka mitano tu: huru, wa Mjerumani, wa Mwingereza, jivu. Wakulima wa Witu, naamini, waliendelea kupanda kwa mvua zile zile. Kisha tukawa na mudiri, na Disii, na pwani nzima ikawa imekodishwa kwa Waingereza na Sultani wa Unguja hadi 1963. Na tangu 2013 tuna gavana, na kamishna wa kaunti wa serikali kuu anayekaa mji huo huo, na wawakilishi wadi ambao wote ni waheshimiwa. Kadhi ndiye pekee aliyevuka tawala zote hizo na jina lake mdomoni, akaingia hadi katika katiba ya 2010.

Zipo njia nyingine za kumshughulikia mkubwa. Al-Masudi, aliyefika Afrika Mashariki yapata mwaka 916, aliandika kuwa Wazanji wakimwona mfalme wao ameiacha haki, humuua, na kizazi chake kikanyimwa urithi. Uchaguzi wa kila miaka mitano ni mpole zaidi, ila naona sehemu ya pili ya sheria ile, ya kizazi, tungeweza kuizingatia bila ya kumwaga damu ya mtu.

Siku hizi ufukweni Lamu kila kijana mwenye mashua ni Kapteni. Zamani nahodha alitumikia miaka, akaanza na kuteka maji ya chomboni. Leo fulana yenye maandishi yatosha. Siwalaumu. Wameona mwenye cheo ndiye anayepigiwa simu.

Hata mvuvi, aliyekaa bila ya cheo tangu Shanga, mji wa kale kisiwani Pate, ilipokuwa na msikiti wa miti katika karne ya nane, sasa anakihitaji. Bandari mpya ya Lamu ilipochimbwa Kililana, sehemu za kuvulia ziliharibika, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamua wavuvi kama 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Fidia ilikwenda kwa mwendo wake, maana kwanza ilibidi ihakikiwe nani hasa ni mvuvi. Mtu mwenye viganja vilivyochanwa na mshipi miaka 40 akatakiwa aonekane katika orodha.

Kama ningeulizwa, ningependekeza mtihani wa swali moja: kwa nini da Gama alikwenda kwa siku 23 na kurudi kwa miezi mitatu? Anayejibu alipwe. Na wahakiki nao waketi chumba hicho hicho, wapewe karatasi na kalamu.